Swali la Kumi na Saba

Nimepewa kishikwambi, koti la mvua na posho ya siku nne
nikahesabu haki mwaloni Igombe.
Maswali ishirini na mawili. Jibu ni moja hadi tano:
moja, sikunufaika kabisa; tano, nimenufaika mno.
Sifuri haipo.
"Nimeibiwa" haipo.

Mama Nyamizi, akigeuza dagaa kwenye chanja,
aliuliza kwanza kama tano hiyo ni ya sado au ya debe,
ni ya mfuto au yenye kilemba.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Miaka kumi na tisa nauza kwa lumbesa.
Gunia lina shingo yake; wao walilishonea na kichwa,
bei ikabaki ya gunia.
Kwa hiyo mtu akija na kipimo
mimi natazama kwanza mkono."
Nikaandika: tatu.

Kwilasa alikuwa ndiyo kwanza ametoka ziwani,
macho mekundu, siku ya sita ya giza la mwezi.
Taa za jua? Nzuri, alisema. Hazinuki, hazilipuki,
kifua changu kimeacha kupiga filimbi usiku.
Andika tano.
Kisha akakishika kishikwambi kabla sijabonyeza.
"Ngoja. Zamani, kabla ya mgao, tajiri alikata mafuta ya taa,
na dumu tuliliona kwa macho.
Jua halina dumu. Jua halina risiti.
Ila makato yako palepale, yameoga tu,
yakavaa jina jipya: betri.
Hilo limo humo?"
Nikayashusha maswali kwa kidole mpaka la mwisho.
Halikuwemo.

Tajiri mwenyewe, Bi. Ng'washi, alinipa kiti na soda,
akafungua simu, akanionyesha deni.
Siku tatu bila kulipa, taa inajifunga yenyewe,
hukohuko majini,
nyavu zimezungushwa, dagaa wamekuja kuiamkia nuru,
na nuru inakata.
"Anayeifunga simjui. Hajawahi kunusa dagaa."
Kumbe makato nayo yanakatwa.
Nikaandika mbili. Nikafuta. Nikaandika mbili.

Swali la kumi na saba:
*Katika kaya yako, yupo aliyepoteza kazi
kutokana na mabadiliko haya?*
Hilo nilipanda nalo mlima hadi nyumbani,
kati ya majabali, ambako nyaya za umeme
hupita juu ya bati letu bila kusalimia.

Baba, Lugembe, fundi karabai.
Benchi lake bado lina sindano, pampu,
na soksi za taa kwenye pakiti zisizofunguliwa.
Ada yangu ya sekondari ilinuka mafuta ya taa;
niliificha katikati ya daftari, noti zisikutane na pua za wenzangu.
Sasa ndani ya karabai isiyo na kioo
kuku ametaga mayai mawili.

"Ni dodoso tu, baba. Ndiyo au hapana."
Akafuta mikono kwa tambara,
mikono ambayo haikuwa na mafuta.
"Sikuipoteza. Kitu kilichopotea hutafutwa.
Yupo anayeitafuta?"
Akanyamaza kitambo, akalikunja lile tambara mara nne.
"Lakini usiwaandikie kwamba nautaka moshi.
Mama yako alikohoa humu ndani. Nakumbuka.
Waandikie wanirudie kunihesabu
siku wanayogawa, siyo siku wanayouliza tu."

Nafasi ya maneno ilikuwa herufi arobaini.
Nilijaribu. Iliishia kwenye "wanirudie ku".

Chini kule taa zilikuwa zimeshatandazwa ziwani,
nyeupe, baridi, nyingi kuliko nyumba za Igombe.
Moja ikazimika.
Sikujua kama ni wimbi limeificha
au ni deni.

Nikakizima kishikwambi bila kujibu.
Asubuhi kikaamka kabla yangu,
kikaandika kwa wekundu:
*Swali hili ni la lazima.*